Jiwe Katikati ya Tangi

4 Machi

Mvua imeanza leo alasiri, na kikao cha familia kimekwisha kabla haijakatika. Nilikuwa jikoni nawachemshia chai. Niliporudi na sinia, uamuzi ulikuwa umeshapita: mimi ndiye nitakayekaa na Baba mpaka mvua ziishe. Asiyekuwapo na lake halipo, hata kama hakuwapo kwa sababu ya chai yenu. Kaka ana watoto wa shule, Dada ana mume, na mimi nina cherehani, ambayo Kaka anasema hailii ikiachwa peke yake.

Baba alivunjika nyonga. Maisha yake yote alikuwa mchora mabango: ya maduka, ya saluni, ya zahanati. Alistaafu, lakini ngazi yake haikustaafu. Alipanda kurekebisha herufi moja kwenye bango la kinyozi wa mtaani, herufi ambayo hakuna mtu mwingine aliyeiona kama imepinda, na wakati wa kushuka ndipo alipoanguka. Mfupa umeshaunga. Daktari wa mazoezi anataka ajaribu kusimama kila siku. Baba anasema mguu haujakubali. Basi namwinua mimi, kitandani hadi kitini, kitini hadi chooni, chooni hadi kitini.

Jioni nimempigia Bobini. Ni shoga yangu wa tangu tulipojifunza kushona, mfupi na hatulii, ndiyo maana akapewa jina hilo. Amepata chumba cha duka katika mji mwingine, safari ya basi ya asubuhi nzima, na tulikuwa tumekubaliana tufungue karakana ya sare za shule. "Nitakungoja mpaka mvua zikatike," ameniambia. "Zikikatika hujaja, shoga, natafuta mwingine. Usinichukie."

Sijamchukia. Nimeangalia dari, nikasikiliza mvua ikinyesha.

5 Machi

Mvua.

8 Machi

Niandike kuhusu tangi la samaki, maana hakuna kingine cha kuandika. Kaka alilinunua baada ya Baba kutoka hospitali, eti limchangamshe mzee. Liko sebuleni mbele ya kiti chake. Maji yana rangi ya chai ya mara ya tatu, kioo kina utelezi wa kijani, mimea imelegea, na katikati kuna ngome ya plastiki ya waridi. Samaki ni wadogo, wana mstari wa bluu ubavuni. Wanakwenda pamoja, wanafika kwenye kioo, wanageuka, wanarudi. Sikutaka kujifananisha nao, lakini mtu akishafungiwa na mvua hujifananisha na chochote.

"Ungelifanya lipendeze kidogo," Baba amesema leo. "Mimi hapa ni kama abiria aliyepewa dirisha chafu."

Nimemwambia mimi ni fundi wa nguo. Akasema fundi ni fundi.

11 Machi

Mvua imepungua, nikakimbia hadi kwa muuza samaki wa mapambo. Ana kaduka kembamba nyuma ya soko, matangi ukutani pande zote, na kwa sababu ya mapovu yanayochemka humo wateja wanamwita Mama Mapovu. Nilimweleza habari za tangi la Baba, akasikiliza kama mganga.

"Taa mnaiacha ikiwaka kutwa?"

"Kutwa."

"Basi mnaufuga huo utelezi wenyewe. Iwasheni saa chache tu, na dirisha mlifunike pazia. Maji usiyamwage yote, dada. Toa kidogo, ongeza kidogo, ya bomba yalale kwanza kwenye ndoo. Na usiioshe changarawe ikang'aa, uchafu mwingine ndio unaowalea hao."

Akanipa mimea: mirefu ya kuweka nyuma, mifupi kama majani ya bustani ya kuweka mbele, na mmoja wa majani mapana magumu. Huo wa mwisho aliushika kwa vidole viwili. "Huu haupandwi, unafungwa kwenye kigogo. Ukilizika shina lake, linaoza."

Nilirudi nimelowa hadi mfupani, na kwa mara ya kwanza tangu kikao nilikuwa na hamu ya kufika nyumbani.

12 Machi

Nimefanya kazi siku nzima. Ngome nimeitupa. Kioo nimekisugua. Mmea wa majani mapana nimeufunga kwenye kigogo kwa uzi mweusi wa pamba, fundo ninalotumia kwenye vifungo vya koti. Mimea mirefu nimeipanda nyuma kwa mstari nilioupima kwa futi yangu, mifupi mbele, nafasi sawa kwa sawa. Jiwe kubwa la kijivu nimeliweka katikati kabisa. Nilisimama nikaona nimemaliza.

Baba aliangalia kwa muda mrefu.

"Umeshona sare," akasema.

"Una maana gani?"

"Kila kitu kiko kwenye mstari. Hata samaki wakiliona watapanga foleni. Na jiwe haliwekwi katikati, mama. Jicho likifika katikati linakaa kitako, halitembei tena. Sogeza pembeni kidogo, jicho lipate safari."

Nilimwambia akitaka jicho lisafiri alipeleke mwenyewe. Sikulisogeza. Mtu anayebebwa hadi chooni angekuwa na adabu kidogo kwa anayembeba.

13 Machi

Mgongo unauma. Mvua.

17 Machi

Nimejifunza jambo. Nimeshona kwa mkono pazia jeusi la kipande kilichobaki cha suruali za sare, nikalibandika nyuma ya tangi kwa nje. Mabomba ya chujio na ukuta vimepotea, mimea imejitokeza kijani kabisa, na samaki wamewaka. Halafu nimeikusanya changarawe iwe juu kwa nyuma na chini kwa mbele, jinsi Baba alivyoelekeza kwa kidole, na tangi likawa kama limeongezeka kina. Ile mistari nimeivunja pia, nusu. Jiwe nimeliacha katikati. Mtu lazima abaki na chake.

Nimetuma picha kwa familia. Dada ametuma mioyo. Kaka ameandika, "Chanda chema huvikwa pete." Ananivika kilemba cha ukoka, lakini nilifurahi, siwezi kukana.

19 Machi

Nimerudi kutoka sokoni nikakuta jiwe limehama. Liko kushoto, limelala kidogo upande, na mbele yake pamebaki uwazi ambapo samaki wanapita. Nimefikiri changarawe niliyoinua imeporomoka ikalisukuma. Ajabu ni kwamba limeanguka mahali pazuri.

"Unaona?" Baba alisema. "Hata jiwe limechoka kukaa pale."

Mkono wa shati lake ulikuwa umelowa. Alisema ni chai. Nikambadilisha shati.

20 Machi

Mvua. Bobini amepaka rangi chumba cha duka, amenitumia picha. Rangi ya maziwa. Ameniuliza kama meza ya kukatia ikae dirishani au mlangoni. Nimemjibu dirishani, kama mtu ambaye atakuja kuitumia.

24 Machi

Umeme umekatika tangu alfajiri, upepo umeangusha nguzo mwisho wa mtaa. Chujio limenyamaza. Kufikia saa nne samaki walikuwa juu ya maji wanahema, midomo wazi.

"Chukua kikombe," Baba akasema. "Chota, mimina kutoka juu. Maji yakianguka yanabeba hewa."

Nilichota na kumimina mpaka mkono ukafa ganzi, nikabadilisha mkono. Barabara ilikuwa mto, hakuna aliyepita. Simu ikazima. Nadhani Bobini alipiga, alisema angepiga leo kuhusu mashine. Hapakuwa na la kufanya ila kuchota, na Baba akaanza kunisimulia ili nisichoke. Kwamba bango lake la kwanza alikosea jina la mwenye duka, na mwenye duka, badala ya kumfukuza, akalizoea hilo jina jipya mpaka watoto wake wakalitumia. Kwamba Mama alikuwa akimshikia ngazi. Wakati wote huo, alisema, mimi nikiwa tumboni, na yeye juu hakuthubutu kuangusha hata brashi.

Mama alifariki miaka minne iliyopita na sikuwahi kumsikia Baba akimtaja kwa sauti hiyo. Nilimwangalia usoni nikaona mzee. Sikumwona bosi wala mzigo, nilimwona mzee tu, mwenye masikio makubwa na shati nililomfunga vifungo mimi. Nikawaza, kwa kweli nikawaza, kwamba labda huku ndiko kwangu.

Umeme umerudi jioni. Amekufa samaki mmoja tu.

29 Machi

Kaka amekuja. Alivua viatu mlangoni, akasimama mbele ya tangi, akaweka mikono kiunoni.

"Mdogo wangu," akasema, "hili limekuwa la hotelini."

Lilikuwa limekuwa hivyo, na mimi ndiye niliyelifanya. Majani ya mbele yametambaa, yametengeneza zulia. Ule mmea wa kwenye kigogo umetoa jani jipya, jekundu kidogo kabla halijakomaa. Kaka akakaa, akanywa chai yangu, akasema ameshafikiri. Cherehani iletwe hapa. Chumba changu cha kupanga nikiachie, kwa nini kikae kimefungwa. Nitashonea sebuleni, dirisha lina mwanga mzuri, na wateja watakuja hapahapa.

"Tulisema mpaka mvua ziishe," nikamwambia.

"Mvua zitaisha, lakini Baba yupo. Na wewe unaweza. Tazama mwenyewe." Akanyoosha kidole kwenye tangi. "Nyumba imepata mwenyewe."

Nilimgeukia Baba. Nilitaka neno moja tu kutoka kwake. Anajua kuhusu karakana, nilimwambia siku ya kwanza nilipokuja. Baba aliangalia samaki, akaangalia samaki, na Kaka akavaa viatu vyake akaondoka.

Sasa naelewa nilichokuwa nafanya. Kila nilivyolipamba tangi ndivyo walivyozidi kuridhika, na kila walivyoridhika ndivyo mlango ulivyofungwa. Ile pete ya chanda chema ni pingu. Ningekuwa mvivu, maji yakabaki rangi ya chai, wangekuwa wameshatafuta mtu mwingine.

30 Machi

Sikumsemesha leo zaidi ya "inua mkono" na "shika hapa".

2 Aprili

Nimepata cha kuandika.

Nilikwenda kununua mafuta ya taa na sabuni, mvua ikanizuia chini ya kibaraza cha duka la dawa. Niliporudi mimea mirefu ilikuwa imekatwa. Ilikuwa imefika juu ya maji na kuanza kujikunja, nilipanga niikate kesho. Imekatwa kwa mteremko, upande mmoja mrefu, mwingine mfupi, na vile vilele vilivyokatwa vimepandwa tena pembeni ili msitu uzidi kuwa mnene. Kazi safi. Nilisimama nayo muda nikiipenda kabla akili haijaniuliza ni nani.

Kisha nikaona mkasi wangu.

Mkasi wangu wa nguo haukati karatasi wala uzi wa viatu. Dada aliwahi kukatia pilipili nikamnunia wiki nzima. Leo ulikuwa mahali pake, ndani ya mkoba wake, na ulikuwa na unyevu. Kwenye makutano ya chuma kulikuwa na kipande cha jani la kijani.

Ghadhabu ya kwanza ilikuwa ya mkasi. Nilifungua mdomo kabisa. Ya pili ndiyo iliyoufunga, kwa sababu mkoba wa mkasi unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba ninacholala, na kutoka kiti cha Baba hadi msumari ule hapafikiki kwa kukaa.

"Umechelewa," Baba akasema.

"Mvua," nikasema.

Nilimwinua, nikampeleka chooni, nikamrudisha. Alikuwa mzito kuliko siku zote. Njia ya mwongo ni fupi, ila hii ilipita mgongoni kwangu.

3 Aprili

Asubuhi nilimwambia Baba nataka kupanga upya tangi. Niling'oa vilele alivyovipanda, nikavichomeka kwa mstari ulionyooka kama pindo. Jiwe nikalichukua nikaliweka katikati. Katikati kabisa, nilipima kwa futi mbele ya macho yake.

"Nakwenda sokoni," nikasema. "Nitachelewa."

Nikatoka mlango wa mbele, nikazunguka nyumba, nikasimama nyuma, penye dirisha la jikoni linaloona sebule. Mvua ilikuwa nyembamba. Nilifungua mwavuli nikajiona mjinga, mtu mzima anachungulia nyumba ya baba yake.

Alikaa kwa muda. Mpaka nikaanza kudhani nimemsingizia. Halafu akaweka mikono kwenye kiti, akasimama.

Hakuyumba. Alichukua mkongojo uliokuwa nyuma ya pazia la dirisha, ambao mimi niliamini uko stoo, akatembea. Hatua zake ni fupi, mguu wa kulia unachelewa, lakini ni zake. Akakunja mkono wa shati, akauzamisha mpaka kwenye kiwiko. Akang'oa mstari wangu. Akaupanda upya taratibu, kimoja huku, viwili kule. Jiwe akalisukuma kushoto. Kisha akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akanyoosha kidole gumba mbele ya uso, jinsi alivyokuwa akisimama barabarani tukiwa wadogo kuangalia bango lake. Akasogea, akaligusa jiwe tena kidogo tu.

Nilikuwa nalia. Nilikuwa na hasira. Nilimwogesha mtu huyu. Nililala chali sakafuni kila mchana ili mgongo unyooke, yeye akiwa chumba cha pili na mguu wake mzima. Na pamoja na hayo yote sikuingia mpaka alipomaliza, kwa sababu alikuwa hajamaliza.

Niliingia kwa mlango wa nyuma. Hakushtuka.

"Funga, mvua inaingia," akasema.

"Tangu lini, Baba?"

"Kabla ya umeme kukatika."

"Na mimi nilikuwa nakubeba."

"Ulikuwa unanibeba."

"Kwa nini?"

Alijifuta mkono kwenye shati polepole, kila kidole. "Ukijua natembea, utaondoka. Nyumba hii ikiwa tupu naiogopa. Mama yako alipokwenda nilikuwa na ngazi, natoka asubuhi narudi usiku, siioni. Sasa sina ngazi. Mtu wa umri wangu hawezi kusema anaogopa nyumba, basi nikasema mguu."

"Siku Kaka aliposema niachie chumba changu, ulinyamaza."

"Nilinyamaza."

"Ulijua Bobini ananisubiri."

"Nilijua. Nakusikia ukiongea naye jikoni. Sauti yako inakuwa nyingine."

Nilikwenda jikoni nikaweka chai, nikaitoa kabla haijachemka, nikairudisha. Nilimsikia akikaa. Nilipotoka nilikuwa nimepata neno langu la kumchoma.

"Jiwe lile nililiweka katikati makusudi," nikasema.

"Najua."

"Umejua baada ya kuniona dirishani."

"Nimejua ulipotoa futi. Mwezi mzima nakufundisha, mama. Wewe si mtu wa kuweka jiwe katikati tena."

Nilikaa kwenye mkono wa kiti.

"Ulijua ni mtego, mbona ukasimama?"

Alikuwa anaangalia tangi. Samaki walikuwa wameanza kupita kwenye ule uwazi, wote pamoja.

"Kwa mdomo ningeshindwa," akasema.

Baadaye aliomba simu. Alimpigia Kaka mbele yangu, na mimi nilisikia upande wake tu. "Natembea... Si leo, ni siku nyingi. Nilikuwa nadanganya... Hapana, hakunilazimisha mtu. Mdogo wako anakwenda kazini kwake... Wewe. Wewe na dada yako, mtapeana zamu. Jumamosi uje na nguo za kazi, na usije na ngome."

Sijamsamehe. Naandika hivi ili nisijidanganye. Lakini usiku amekwenda chooni mwenyewe, na nimelala kitandani nikisikiliza mkongojo wake koridoni, tok, tok, na usingizi ukanichukua kabla hajarudi.

9 Aprili

Kaka ametoa maji ya tangi kwa mpira, akanyonya kwa nguvu mno akayameza. Baba amecheka mpaka akashika nyonga.

14 Aprili

Jua. Nguo zimekauka siku moja. Nimempigia Bobini nikamwambia, "Ile meza iache dirishani."

16 Aprili

Basi ni kesho. Baba amenishikia mkoba wa mkasi hadi mlangoni na kunirudishia mikononi. "Niliukausha vizuri," akasema. "Hukuukausha," nikamwambia. Tukaishia hapo.

21 Mei

Kazi nyingi, shajara nimeisahau chini ya vitambaa. Bobini anaimba vibaya, mashine zinalia, dirisha lina mwanga. Jioni mgongo unauma kwa kazi yangu mwenyewe, na hayo ni maumivu mengine.

Baba hutuma picha ya tangi kila Jumapili, bila maneno. Msitu umekuwa mnene. Mmea wa kwenye kigogo umeshika kwa mizizi yake, uzi wangu umeoza na kuanguka, ndivyo inavyotakiwa.

Leo si Jumapili, lakini picha imekuja. Mimea yote iko sawa. Jiwe liko katikati.

Nimeiangalia mpaka Bobini akaniuliza kuna nini. Katikati kabisa, naapa amepima kwa futi. Mtego huo naujua, mimi ndiye niliyeutega kwanza.

Nimemjibu: Jumamosi nakuja kulisogeza.